Kuzuru mahekalu ya Sri Lanka ukiwa mgeni wa familia

Waafrika Mashariki wengi wanawafahamu Wasri Lanka kupitia kazi za Ughaibuni: wamepanga nao chumba Dubai, wamepika nao Muscat, wamelinda nao geti moja Doha. Urafiki huo mara nyingi huzaa mwaliko: "Njoo kwetu ututembelee." Ukiupata, basi mwombe mwenyeji wako akuchukue hekaluni siku ambayo yeye na watu wake wanakwenda kwa ibada zao. Usimwombe akutembeze kama mtalii. Omba kufuatana nao. Hekalu la Kibuddha lina utaratibu wake wa kuingia, kuzunguka, kutoa na kuondoka, na utaratibu huo haujaandikwa mlangoni. Aliyekwenda na familia anaufuata tu. Aliyekwenda peke yake husimama katikati ya njia ya watu wanaosali bila kujua, au hufika mlango umefungwa na ngoma zimeshapigwa.

Maandalizi huanzia nyumbani kwa mwenyeji. Karibu kila nyumba ya Kibuddha ina kisanduku cha kioo ukutani chenye sanamu ndogo ya Buddha, na jioni huwashwa taa mbele yake. Kisanduku hicho huwekwa juu, na kitu kingine hakipandishwi hapo: si kofia, si begi, si simu inayochajiwa. Ukitandikiwa godoro sebuleni, lala miguu ikielekea upande mwingine. Mama mwenye nyumba mwite amma, baba mwite thaththa, mkubwa wako wa kiume ayya na wa kike akka. Kwa mtu aliyezoea shikamoo hili si geni, na utaona jinsi nyuso zinavyofunguka. Zawadi ya kupeleka: kahawa ya Bukoba au Kilimanjaro inapokelewa vizuri. Karafuu na mdalasini usijisumbue kubeba, wanavyo vya kutosha. Pombe usipeleke kabisa.

Kisha kuna suala la imani yako, na hili liseme mapema, si mlangoni. Msomaji wa makala hii huenda ni Mwislamu au Mkristo, na hataki kusujudia sanamu. Hakuna atakayekulazimisha. Mwambie mwenyeji waziwazi: "Nitakuja, nitavaa vizuri, nitavua viatu, nitakaa kimya, ila sitapiga magoti." Akijua hivyo atakupangia pa kusimama, kwa kawaida pembeni nyuma ya familia, na atawaeleza wazee kabla hawajashangaa. Kuna jambo moja linalowashtua wageni: kabla maua hayajatolewa, sinia hupitishwa kutoka mkono hadi mkono, na kila mtu huligusa ili ashiriki thawabu ya sadaka ile. Kama hutaki, weka viganja pamoja mbele yako na uinamishe kichwa kidogo, sinia litapita. Kurudi nyuma kwa haraka au kutikisa kichwa ndiko kunakoumiza watu.

Mavazi ni meupe. Si sharti la kisheria kwa mgeni, lakini familia nzima itakuwa imevaa nyeupe, na wewe mwenye fulana nyekundu utaonekana kutoka mwisho wa ua. Mabega yafunikwe, magoti yafunikwe, nguo isibane. Mwanamume wa pwani ana bahati: kikoi cheupe na shati la mikono mirefu vinatosha kabisa, maana wenyeji nao huvaa saruni nyeupe, na kanzu pia inafaa. Kofia, hata ya vito, inavuliwa langoni. Mwanamke Mwislamu mwenye ushungi amweleze mwenyeji mapema ili amwombee nafasi kwa walinzi, maana wao wamezoea kuamuru kila kilichofunika kichwa kiondolewe. Viatu viwe ndala au makubazi ya kuvua kwa sekunde moja. Viatu vya kamba ni adha, kwa sababu utavivua mara nyingi kwa siku, na mahali pengine pa kuviachia ni mbali na mlango. Beba soksi nyeupe nzito. Sababu yake nitaieleza tukifika Anuradhapura, mji wa kale wa mahekalu na magofu.

Maua na mafuta hununuliwa nje ya lango. Chagua maua yasiyo na doa: yungiyungi la rangi ya zambarau wanaloliita nil manel, lotasi ya waridi au nyeupe, asumini, au araliya, yale maua meupe yenye moyo wa njano yanayopandwa pia kwenye bustani za pwani yetu. Muuzaji wa lotasi hukupa chipukizi lililofungwa. Ulifungue kwa kukunja petali moja moja kuelekea nje, ukianza na za chini, ukibana ncha kidogo kwa kidole gumba ili isirudi. Ukiharakisha, petali inapasuka na ua linaachwa. Halafu maua hunyunyiziwa maji. Na hapa ndipo wageni wengi hukosea kwa nia njema kabisa: wanayanusa. Ua lililotengwa kwa sadaka halinuswi, kwa sababu harufu yake ni sehemu ya kinachotolewa, na ukiinusa umetangulia kuitwaa. Yabebe kwa mikono miwili usawa wa kifua, yasining'inie kiunoni kama mboga za sokoni.

Taa ni kibakuli kidogo cha udongo, mafuta ya nazi, na utambi wa pamba iliyosokotwa. Mimina mafuta nusu au robo tatu ya kibakuli, usijaze. Loweka utambi wote, kisha uuvute hadi ncha ya kama sentimita moja ilale kwenye mdomo wa kibakuli. Utambi uliozama wote hauwaki, na usiolowa huungua haraka ukazima. Washa kwa mshumaa au taa iliyowekwa hapo kwa kazi hiyo. Moto wa kiberiti usiuzime kwa kuupuliza juu ya taa za watu; tikisa mkono pembeni. Mwenye kanga au mtandio aushike kwapani, kwa sababu vinara huwa vingi, vimebanana, na siku ya mwezi mpevu watu husukumana.

Sasa utaratibu wenyewe. Anza na hekalu la kijijini kabla ya yale makubwa, kwa kuwa huko kila kitu kiko karibu na hakuna anayekuharakisha. Ua wa hekalu la kawaida una vitu vitatu vya kuheshimiwa: dagoba, ile kuba nyeupe inayohifadhi masalia, mti wa Bo, wa jamii ya ule ambao Buddha alipata mwangaza chini yake, na nyumba ya sanamu. Familia nyingi hufuata mpangilio huo huo, masalia kwanza, mti wa pili, sanamu mwisho, kwa sababu masalia ni ya mwili wake, mti ni kitu alichokitumia, na sanamu ni ukumbusho tu. Mwenyeji akibadilisha mpangilio, mfuate yeye. Kila hekalu lina mazoea yake.

Kuzunguka dagoba na mti ni kwa mwendo wa saa. Aliyewahi kuhiji aangalie hapa, kwani ni kinyume cha tawafu: bega la kulia ndilo linaloelekea katikati. Ukijikuta unakutana uso kwa uso na kila mtu, umegeuza. Usikatishe mbele ya mtu aliyepiga magoti. Subiri ainuke au pita nyuma yake. Kwenye mti wa Bo watu hubeba maji kwenye vyungu na kumwagilia shinani. Kazi hiyo mgeni yeyote anaweza kuifanya bila kugusa imani yake, na wenyeji huifurahia. Majani usichume, hata lile lililo usawa wa mkono. Lililoanguka lenyewe waache waumini waliokote, maana huenda nalo nyumbani.

Kwenye nyumba ya sanamu familia itakaa chini na kusoma kwa Pali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha. Itaanza na sifa za Buddha mara tatu, kisha nadhiri tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutotumia vilevi. Mwishoni utasikia "Sadhu, sadhu, sadhu". Haichukui muda mrefu. Kaa kitako, miguu umeikunja upande mmoja au nyuma yako. Nyayo zisielekee sanamu wala mtawa, na usinyooshe kidole kuonyesha kitu. Tumia kiganja kilichofunuka.

Baadaye mwenyeji anaweza kukupeleka kumsalimia mtawa kwenye makazi yake. Kiti chenye kitambaa cheupe ni cha mtawa. Usikikalie hata kama chumba kiko tupu na umechoka. Wewe utakaa kwenye mkeka au kiti cha chini zaidi. Hakuna kupeana mikono. Unachotoa kitoe kwa mikono miwili. Mwanamke akiweke kwenye sinia au mezani, ili mikono isigusane. Vitu vinavyofaa ni vya matumizi: sabuni, taulo, majani ya chai, sukari, madaftari kwa watawa wadogo. Wengi huongeza fungu la majani ya tambuu kama heshima. Chakula kinahitaji saa. Mtawa halili chakula kigumu baada ya saa 6 mchana hadi alfajiri, kwa hiyo sufuria la wali likifika saa 9 alasiri halimfai. Jioni hupelekewa kinywaji tu. Vijijini familia hugawana siku za kulisha hekalu, na ukibahatika kuwapo siku ya zamu ya mwenyeji wako, amka nao kabla ya mapambazuko uwasaidie kukuna nazi, kazi ambayo mtu wa pwani hafundishwi. Sehemu ya kwanza ya chakula hutengwa kwa ajili ya Buddha kabla mtu yeyote hajala, basi usionje chochote mpaka uambiwe.

Mtawa akikufunga uzi mweupe, nyoosha mkono wa kulia. Ni uzi uliosomewa dua za kinga. Ukiona haukubaliani na dini yako, sema kwa upole kabla hajaanza kuufunga, kwa sababu kuukata mlangoni mbele ya wote ni kumfedhehesha mwenyeji.

Baada ya hapo uko tayari kwa Kandy, mji ulio katikati ya kisiwa. Sri Dalada Maligawa ni hekalu linalohifadhi jino la Buddha, ambalo kwa mujibu wa tarikh za kisiwa lililetwa kutoka Kalinga, India, katika karne ya 4, likiwa limefichwa kwenye nywele za binti mfalme Hemamali. Wageni wengi hutoka wamekasirika kwa sababu walidhani wataliona. Huoni jino. Unaona, kwa sekunde chache kupitia mlango, kasha la dhahabu lenye umbo la dagoba, na jino liko ndani ya makasha yaliyofunikana. Jino lenyewe hutolewa hadharani kwa nadra sana: Aprili 2025 lilionyeshwa kwa siku 10, mara ya kwanza tangu 2009, na watu walipanga foleni usiku na mchana.

Hata huo mlango hufunguliwa kwa saa maalumu tu. Ibada ni tatu kwa siku: saa 11:30 alfajiri, saa 3:30 asubuhi na saa 12:30 jioni. Ukifika saa 6 mchana utaona jengo, michoro na meno ya tembo, na mlango uliofungwa. Ya jioni ndiyo yenye watu wengi. Mimi napendekeza ile ya alfajiri, kwani ndiyo yenye wenyeji wengi kuliko makundi ya watalii, na sakafu bado ni baridi. Fika angalau dakika 45 kabla, kwa kuwa kuna ukaguzi wa mwili, wanaume na wanawake mbalimbali. Ukaguzi huo una sababu: Januari 1998 lori lililojaa mabomu lililipuliwa langoni na watu wakafa. Baada ya ukaguzi kuna kuacha viatu, na mgeni ana kaunta yake ya tiketi. Mwenyeji wako halipi, wewe unalipa. Usijaribu kupita kama mwenyeji ili kuokoa fedha, kwani aibu itamwangukia yeye. Ilivyo kwa Kandy ndivyo ilivyo kwa Dambulla, lile hekalu la mapangoni, na magofu ya Anuradhapura. Mahekalu ya vijijini hayana tiketi.

Ndani, ngoma huanzia ua wa chini: davula yenye vichwa viwili, tammettama ambayo ni jozi ya ngoma ndogo zinazopigwa kwa fimbo, na zumari iitwayo horanewa. Watalii hukusanyika hapo kupiga picha za wapigaji, na hilo ndilo kosa linalowakosesha kilichowaleta. Familia yako itapita moja kwa moja kupanda ghorofa ya juu, kwa sababu foleni ya mlango wa jino iko huko. Panda nao. Maua yanawekwa kwenye meza ndefu mbele ya chumba. Weka yako polepole pembeni ya ya wenzako, usiyasukume. Foleni inapofika mlangoni haisimami. Walinzi wanakuhimiza, na unapata muda wa pumzi mbili au tatu. Kamera iwe mfukoni, macho yawe mbele. Jumatano kuna ibada ya kuosha kwa maji yenye manukato, na maji hayo hugawiwa waumini. Ikiwa mwenyeji ana mzee mgonjwa nyumbani, huenda akachagua siku hiyo.

Anuradhapura ni habari nyingine. Hapa nafasi ni kubwa, jua ni kali, na mawe ya sakafu kuzunguka Ruwanweliseya, dagoba la mfalme Dutugemunu la karne ya 2 KK, huchoma nyayo hadi malengelenge. Ndiyo sababu ya zile soksi, zinaruhusiwa. Ila soksi hazitoshi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Nenda kunapopambazuka au jua likianza kushuka, na tembea kwenye mistari iliyopakwa chokaa au vivulini. Mti wa Jaya Sri Maha Bodhi uko karibu, mwendo wa miguu. Ulitoka kwenye tawi la mti wa Bodh Gaya, India, ule ambao Buddha alipata mwangaza chini yake, likaletwa na mtawa wa kike Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka, katika karne ya 3 KK, na umetunzwa bila kukatika hadi leo. Usitarajie shina nene. Mti uko juu ya jukwaa, umezungushiwa uzio wa rangi ya dhahabu, na matawi yake membamba yameegemezwa kwa nguzo. Wageni hukosea kwa kutazama mti mnene ulio karibu nao zaidi, ambao ni mmoja wa mingi iliyopandwa kuuzunguka. Mwenyeji atakuonyesha tawi lenyewe.

Mihintale, mlima mtakatifu ulio kilomita chache mashariki, ina ngazi 1,840. Usianzie chini na bibi wa mwenyeji. Gari hufika maegesho ya katikati. Na chakula kisionekane mkononi, nyani wanakijua.

Kuhusu picha niwe wazi, kwa sababu hapa kosa linaingia kwenye sheria. Usimpe Buddha mgongo ukapigwa picha. Kwa maana hiyo selfi mbele ya sanamu haiwezekani kabisa, maana selfi ni kumpa mgongo. Mwaka 2012 watalii watatu wa Ufaransa walihukumiwa kifungo cha nje kwa picha walizopiga wakijifanya kubusu sanamu. Mwaka 2014 mtalii wa Kiingereza alishikiliwa na kurudishwa kwao kwa kuwa na tatuu ya Buddha mkononi. Mwenye tatuu kama hiyo aifunike tangu uwanja wa ndege, na fulana yenye sura ya Buddha ibaki nyumbani. Ukitaka picha, simama ubavuni mwa sanamu ukiitazama, au piga sanamu peke yake bila flashi. Michoro ya mapango matano ya Dambulla huharibiwa na mwanga huo. Watu wanaosali usiwapige bila mwenyeji kukuombea ruhusa.

Kila mwezi mpevu ni Poya, sikukuu ya taifa. Pombe haiuzwi, bucha zinafungwa, treni na mabasi vinajaa watu waliovaa nyeupe. Kwa mgeni wa familia ni siku bora kuliko zote, lakini baadhi ya jamaa watakuwa wameshika nadhiri nane, wanashinda hekaluni na hawali baada ya saa 6 mchana. Usiwavizie na vitafunio. Siku ya Vesak, sikukuu ya kukumbuka kuzaliwa, kupata mwangaza na kufariki kwa Buddha, mwezi Mei, barabarani huwekwa vibanda vya dansala vinavyogawa wali, chai na aiskrimu bure kwa yeyote. Panga foleni kama wengine. Watakuvuta mbele kwa kuwa u mgeni. Kubali mara moja, ukisema asante, na usitoe pesa, kwa maana kulipa kunaivunja sadaka yao.

Pesa za hekalu huingia kwenye sanduku, noti imekunjwa, bila kutangaza. Mtu anayekufuata na daftari la wachangiaji lenye tarakimu kubwa kubwa mwachie mwenyeji amjibu. Vivyo hivyo dereva wa bajaji Colombo anayesema leo, na leo tu, kuna sherehe ya tembo hekaluni. Mwenyeji wako mwenyewe hatapokea malipo. Basi lipa bajaji kabla hajafungua pochi, nunua maua na mafuta ya nazi ya watu wote, na mkirudi pitia dukani uchukue mchele na dengu, uwaachie wapeleke hekaluni siku ya zamu yao.